Linux imewaka lakini sura haiji: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Simu ya namna hii huja zaidi Jumatatu asubuhi: “Fundi, kompyuta imekufa.” Ukifika unakuta feni inazunguka, taa ya diski inapepesa, kioo ni cheusi au kina mistari miwili mitatu ya maandishi meupe, na pembeni yupo mtu ambaye ameshashauri mashine ipigwe upya, yaani ifutwe na mfumo usakinishwe tena. Kwenye Linux ushauri huo una haraka mno. Mara nyingi kilichokosekana ni sura tu, yaani zile picha na madirisha ya kubofya. Mfumo wenyewe uko hai, faili zako zimo, na kuna njia ya pili ya kuingilia ambayo watu wengi hawajawahi kuipita.

Ninayoyaandika hapa ni makosa yale yale yanayojirudia kwenye kompyuta za steshenari, za shule na za nyumbani, nyingi zikiwa za mtumba na nyingi zikiishi kwenye umeme wa kukatika. Amri ni za Ubuntu, Linux Mint na Debian. Mwenye Fedora afuate fikra ile ile, ila amri za kusakinisha programu (hapa ni `apt`) kwake ni tofauti.

Kwanza jua imekwama ngazi ya ngapi

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, BIOS au UEFI (programu ya ndani ya ubao mkuu) hukagua vifaa kisha humwachia kazi GRUB, mwanzishaji wa Linux. GRUB hupakia kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kerneli, ikisaidiwa na kijimfumo kidogo kiitwacho initramfs, hutafuta diski yenye mfumo. Ikiipata, systemd, msimamizi wa huduma, huanza kuziwasha moja baada ya nyingine, na karibu na mwisho kabisa huamshwa meneja wa kuingilia: GDM kwenye Ubuntu, LightDM kwenye Mint, SDDM kwa wanaotumia KDE. Huyo ndiye anayekuletea ule ukurasa wa jina na neno la siri. Kwa hiyo sura ndiyo abiria wa mwisho kupanda basi. Ikikosekana, haina maana basi halijaondoka.

Vipimo viwili havihitaji hata bisibisi. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kerneli iko hai. Taa ikigoma, mfumo umeganda. Ikipepesa yenyewe bila kuguswa, huenda kerneli imeanguka. (Kibodi isiyo na taa hiyo haikupi jibu, azima nyingine.)

Kipimo cha pili ndicho ile njia niliyoitaja: shika Ctrl na Alt kwa pamoja, kisha F3. Kwenye kompyuta mpakato nyingi utahitaji kuongeza na Fn. Ukiona neno `login:`, umeshinda nusu ya vita. Andika jina lako la mtumiaji, Enter, kisha neno la siri. Unapoliandika hakuna nyota wala nukta itakayoonekana; watu wengi huishia hapo wakidhani kibodi imekufa. Andika tu, bonyeza Enter. Kurudi kwenye sura ni Ctrl+Alt+F1 au F2 kwenye Ubuntu, na F7 kwenye Mint.

Maandishi yasipotokea, zima kabisa, washa, na uite menyu ya GRUB: bonyeza Esc mara moja moja kwenye mashine za UEFI, au shikilia Shift kwenye zile za zamani. Humo kuna “Advanced options”, na ndani yake kuna kerneli za zamani pamoja na “recovery mode”.

Na chochote utakachokiona kiooni, kipige picha kwa simu kabla hakijapotea. Maelezo ya “kuna maandishi fulani yalitokea” hayajawahi kumsaidia fundi yeyote.

Dalili: unaandika neno la siri, kioo kinafumba, kinakurudisha pale pale

Hii naianza kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Neno la siri ni sahihi (ukikosea ungeambiwa), ukurasa unapotea sekunde moja, halafu unarudi kama vile hujafanya kitu.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni diski kujaa. Meza ya kazi (desktop) inapofunguka huandika vijifaili vidogo kwenye folda yako. Ikikosa nafasi hata ya herufi moja, hukata tamaa na kukurudisha mlangoni bila maelezo. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3, kisha:

`df -h`

Tazama mstari unaoishia na alama `/` peke yake, na ule wa `/home` kama upo. Ukiona 100%, umempata mhalifu. Unaweza kujiuliza mbona kwa maandishi umeingia: kwanza, kuingia huko hakuhitaji kuandika karibu chochote, pili, diski za ext4 (mpangilio wa kawaida wa Linux) kwa kawaida hutengewa asilimia 5 ambayo ni ya root, msimamizi mkuu, pekee. Kwenye diski ya GB 500 hiyo ni kama GB 25 usizoziona, na ndizo zinazoiacha sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root) ikifanya kazi wakati wewe umeshafungiwa nje.

Anza na usafi usio na madhara:

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

Kisha utafute vinene viko wapi:

`sudo du -xh --max-depth=2 / | sort -h | tail -20`

Kwenye Mint mshukiwa wa kwanza ni folda ya `/timeshift`. Timeshift ni rafiki mzuri anayehifadhi nakala za mfumo, lakini akiwekwa kwenye diski ile ile ndogo na kuachiwa atunze nakala nyingi, hula mpaka sahani. Ziorodheshe kwa `sudo timeshift --list` na ufute za zamani kwa `sudo timeshift --delete`. Usizifute kwa `rm`. Mshukiwa wa pili ni pipa la taka, `~/.local/share/Trash`: vitu ulivyovifuta kwa kubonyeza Delete viko pale vinakusubiri. Wa tatu ni `~/.xsession-errors`, faili la malalamiko ambalo programu moja korofi huweza kulinenepesha hadi gigabaiti kadhaa. Hilo futa bila huruma, litaundwa jipya.

`df -h` ikionyesha nafasi ipo, jaribu `df -i`. Hiyo hupima idadi ya faili badala ya ukubwa wake. Ni nadra, ila vijifaili vidogo milioni kadhaa huifunga diski ambayo bado ina nafasi.

Diski ikiwa haina neno, chanzo cha pili ni umiliki wa faili. Mtu aliwahi kuendesha programu ya picha kwa sudo, au alijaribu `sudo startx` kwa ushauri wa mahali fulani, na sasa faili ya `.Xauthority` ndani ya folda yako ni mali ya root. Kagua:

`ls -la ~/.Xauthority ~/.ICEauthority`

Ukiona root mahali palipotakiwa jina lako, irudishe mali kwa mwenyewe:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority ~/.ICEauthority`

Ukiambiwa faili mojawapo haipo, usijali. Hapo hapo tazama `/tmp` kwa `ls -ld /tmp`. Inatakiwa isomeke `drwxrwxrwt`, na ile `t` ya mwisho iwepo. Ikiwa tofauti: `sudo chmod 1777 /tmp`.

Bado? Unda mtumiaji wa majaribio kwa `sudo adduser jaribio`, rudi kwenye sura, uingie kwa jina hilo. Jaribio akiingia, mfumo ni mzima na ugonjwa uko ndani ya folda yako: mstari uliokosewa kwenye `.profile`, au mipangilio iliyoharibika. Jaribio naye akirudishwa mlangoni, tatizo ni la mfumo mzima. Ruka hadi sehemu ya `login:` hapo chini. Kipimo hiki ni cha dakika mbili na huokoa mchana mzima. Ukimaliza, mwondoe: `sudo deluser --remove-home jaribio`.

Dalili: kioo cheusi

Usicheke, lakini anza na waya. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya kuchomeka ina matundu ya kioo sehemu mbili: yale ya ubao mkuu, juu, na yale ya kadi, chini. Aliyefagia akachomoa kila kitu na kukirudisha anaweza kuchomeka waya kwenye tundu lisilo na picha. Nimewahi kusafiri nusu ya jiji kwa ajili ya hilo. Kwenye mpakato, ongeza mwanga kwa vitufe vyake, na umulike kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni: ukiona meza ya kazi kwa mbali kama kivuli, taa ya kioo ndiyo iliyokufa. Hapo Linux haihusiki, ni kazi ya fundi wa vifaa.

Kama hata nembo ya kampuni iliyotengeneza mashine haitokei mwanzoni kabisa, GRUB hajafikiwa bado. Zima, chomoa umeme, toa RAM, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ibane. Mashine za mtumba zilizosafiri baharini na kutikiswa barabarani hupenda kulegeza RAM. Ikipiga milio kwa mpangilio maalumu, hesabu milio hiyo. Kila kampuni ina maana zake.

Nembo ikitokea, menyu ya GRUB ikatokea, kisha giza, sasa tunazungumzia draiva ya kadi ya picha.

Jaribio la kwanza halina gharama: kwenye “Advanced options” chagua kerneli ya kabla ya hii. Ikiwaka vizuri, sasisho la mwisho ndilo lililoleta balaa. Fanya kazi zako kwa kerneli hiyo, na usiiondoe, mpaka kerneli nyingine mpya itoke.

Ikigoma, rudi GRUB, simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika `nomodeset`, kisha Ctrl+X. Neno hilo huiambia kerneli isiguse mipangilio ya kadi ya picha, iridhike na picha ya msingi. Utaona kila kitu kikubwa na kizito, lakini utaona. Mabadiliko haya ni ya safari hii moja tu, ukizima yanapotea. Kuna watu huliandika `nomodeset` moja kwa moja na kuishi nalo miaka. Mimi silipendi hilo: video hukwamakwama na mwanga wa kioo mara nyingi haurekebishiki. Ni gongo la kutembelea hadi hospitali.

Ukishaingia, jua una kadi gani:

`lspci | grep -Ei 'vga|3d|display'`

Kwa NVIDIA, hatua hizi zimeniondoa kwenye matatizo mengi kuliko nyingine zozote. Ondoa draiva zote za NVIDIA:

`sudo apt purge '^nvidia-.*'`

Soma orodha ambayo apt inakuonyesha kabla ya kukubali. Washa upya. Mfumo utatumia nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya kerneli. Kwa kazi za kuchapa na kuvinjari intaneti inatosha, na kwa kadi za zamani sana ambazo draiva mpya za kampuni zimeshazitelekeza, mara nyingi ndiyo njia ya salama. Ukiihitaji ya kampuni, kwenye Ubuntu na Mint tumia `ubuntu-drivers devices` kuona inayopendekezwa na `sudo ubuntu-drivers install` kuisakinisha. Usipakue ile faili ya `.run` kutoka tovuti yao. Huingia bila apt kujua, na kerneli ijayo ikifika unarudi gizani.

Kuna mtego mmoja hapa. Mashine yenye Secure Boot huikataa draiva isiyo na sahihi inayoitambua. Ndiyo maana wakati wa kusakinisha uliulizwa utunge neno la siri, na ulipowasha upya kilitokea kioo cha bluu kilichoandikwa “Perform MOK management”. Kioo hicho husubiri sekunde chache tu. Wengi hubonyeza “Continue boot” ili kiondoke, na draiva inabaki nje ya lango. Kagua kwa `mokutil --sb-state`. Ikisema enabled kwenye Ubuntu, rudia:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Washa upya, na safari hii chagua “Enroll MOK” na uandike neno lile ulilotunga.

Kwa kadi za AMD kwenye Debian ya 11 kurudi nyuma, giza husababishwa na kukosekana kwa programu ndogo za kadi zisizo huria, ambazo matoleo hayo hayakuja nazo. Debian 12 ya mwaka 2023 ilibadili msimamo na kuziweka ndani ya diski ya kusakinishia. Kwa toleo la zamani, ongeza `non-free` kwenye `/etc/apt/sources.list`, kisha `sudo apt update` na usakinishe `firmware-amd-graphics`. Intel hunisumbua mara chache; kerneli ya zamani huwa imetosha.

Na kama kuna faili iitwayo `/etc/X11/xorg.conf`, isogeze pembeni kwa kuibadili jina. Mifumo ya sasa haiihitaji, na mara nyingi ni masalia ya mwongozo fulani wa miaka ya nyuma.

Dalili: inaishia kwenye `login:` na sura haiji kabisa

Hapa kwanza namwuliza mwenye mashine swali moja: umeme ulikatika ukiwa unasasisha? Jibu likiwa ndiyo, au likiwa kimya kirefu, ingia na uandike:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Ya kwanza humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu, ya pili huziba mapengo. Mara nyingi hizo mbili na `sudo reboot` zinatosha kabisa. (Mwenye duka lisilo na UPS asisasishe jioni umeme unapoyumba. Mpakato wenye betri nzima una nafuu.)

Kama apt inahitaji intaneti, usihangaike na Wi-Fi kwenye kioo cha maandishi ingawa `nmtui` inaweza. Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kipengele cha kugawana intaneti kwa USB. Kwa kawaida mfumo huiona kama mtandao wa waya na kuunganishwa wenyewe. Ila apt hukuandikia idadi ya megabaiti kabla hujakubali, itazame, maana bando likiishia katikati ya usakinishaji unarudi mwanzo.

Apt ikilalamika kwamba faili za hazina “is not valid yet”, andika `date`. Mara nyingi utakuta mashine inaamini tuko miaka mingi iliyopita. Hiyo ni betri ndogo ya ubao mkuu, CR2032 ya volti 3, imekufa. Rekebisha saa kwa mkono, maliza kazi, kisha nunua betri. Bei yake ni ya soda chache. Betri hiyo ikifa huweza kupoteza na mipangilio ya BIOS. Mashine iliyosakinishwa kwa mtindo wa Legacy, yaani ule wa BIOS ya zamani, huweza kurudi kwenye UEFI, nawe ukaambiwa hakuna diski ya kuwashia ilhali diski ipo na ni nzima.

Vifurushi vikiwa sawa, muulize meneja wa kuingilia mwenyewe:

`systemctl status display-manager`

Ikisema haipo kabisa, kuna aliyeiondoa. Fungua `/var/log/apt/history.log` usome mistari ya “Remove”. Kisa maarufu ni cha mwanafunzi anayetaka Python mpya, anaanza kwa kuiondoa ya zamani kwa apt. Python 3 ndiyo nguzo ya vitu vingi kwenye Ubuntu. Ukiing'oa, meza ya kazi yote inaondoka nayo, na apt ilikuwa imekuorodheshea kila kitu kabla hujabonyeza Y. Dawa ni `sudo apt install ubuntu-desktop`, au `mint-meta-cinnamon` kwa Mint yenye meza ya kazi ya Cinnamon. Upakuaji huo ni mkubwa.

Ikisema “failed”, soma sababu: `journalctl -b -u gdm` (au `lightdm`), na kwa makosa ya mfumo mzima `journalctl -b -p err`. Kwa wanaotumia Xorg (mchoraji wa sura wa zamani, aliyemtangulia Wayland), mistari yenye `(EE)` ndani ya `/var/log/Xorg.0.log` au `~/.local/share/xorg/Xorg.0.log` ndiyo yenye habari. Ukiona NVIDIA inatajwa, rudi sehemu ya kioo cheusi. GDM ikigoma bila sababu ya kueleweka, jaribu kuilazimisha itumie Xorg: ndani ya `/etc/gdm3/custom.conf` kwenye Ubuntu ondoa alama ya reli (`#`) mbele ya `WaylandEnable=false`, uwashe upya. Matoleo mapya kabisa ya GNOME (meza ya kazi ya Ubuntu) yameanza kuachana na Xorg, kwa hiyo ujanja huu ni wa mashine zenye matoleo ya nyuma kidogo, si wa milele.

Kama hakuna kosa lolote popote, tazama `systemctl get-default`. Ikijibu `multi-user.target`, mfumo umeagizwa usilete sura, nao unatii. `sudo systemctl set-default graphical.target`, basi.

Dalili: `(initramfs)` na kialama kinachopepesa

Kerneli imewaka, lakini imekosa diski au imeikuta na majeraha. Soma mistari ya juu yake.

Ukikuta “UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY”, pamoja na jina la sehemu ya diski kama `/dev/sda2`, mara nyingi ni umeme uliokatika wakati wa kuandika. Lakini kabla ya kurekebisha, andika `dmesg | tail -30`. Ukiona “I/O error” zikijirudia, simama. Diski yenyewe inakufa, na fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski, itaisumbua mpaka ikate roho na faili zako. Zima. Usiwashe tena “kujaribu kidogo”. Mpelekee anayejua kutoa nakala ya diski nzima kwa ddrescue kwanza, ukarabati baadaye. Diski inayogonga kok-kok-kok usiiwashe hata mara moja.

Kama hakuna makosa hayo:

`fsck -y /dev/sda2`

kisha `exit`. Weka jina uliloliona wewe, si hili langu. Na usiendeshe fsck kwenye diski inayotumika, yaani kutoka kwenye mfumo uliokwisha kuwaka. Hiyo ni kumfanyia mtu upasuaji huku anakimbia.

Ukikuta “ALERT! UUID=… does not exist” (UUID ni namba ya utambulisho ya sehemu ya diski), diski haionekani kabisa. Kwenye kompyuta ya mezani bana waya wa SATA pande zote mbili, kwanza umechomoa umeme. Ingia BIOS uone kama diski inaorodheshwa. Ikionekana huko lakini Linux haiioni, tazama mpangilio wa hifadhi: mashine zenye diski ya NVMe zikihamishiwa RAID huweza kuificha diski, na AHCI huirudisha. Ikiwa hata BIOS haiioni, jaribu waya mwingine, kisha kubali.

Ukifanikiwa kuwaka, sakinisha `smartmontools` na uendeshe `sudo smartctl -a /dev/sda`. Namba ya mwisho kwenye mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector ikiwa si sifuri, nakili faili zako leo.

Dalili: inasubiri dakika moja na nusu, kisha “emergency mode”

Hii karibu kila mara ni `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa mfumo unapowaka. Kuna diski ya pili iliyoandikwa humo, nayo imechomolewa, imepangwa upya au imehamia kwa jirani. Systemd huisubiri sekunde 90 kisha hugoma kuendelea. Bonyeza Enter au weka neno la siri la root, andika `mount -o remount,rw /`, kisha `nano /etc/fstab`. Weka `#` mbele ya mstari wa diski isiyokuwepo. Linganisha UUID kwa `blkid` kabla ya kugusa, na mstari wa `/` usiuguse. Diski ya nje ambayo siku nyingine huwa haipo, iongezee `nofail`. Debian iliyosakinishwa bila neno la siri la root itakukatalia kuingia. Hapo tumia flashi ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, ufungue faili hiyo kutoka huko.

Dalili ndogo mbili

Kioo cheupe au cha kijivu chenye “Oh no! Something has gone wrong” ni GNOME, na mara nyingi ni kiongezi kilichopitwa na toleo jipya. Kwa maandishi: `mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/viongezi-zamani`, uingie tena, uvirudishe kimoja kimoja. Cinnamon nayo ikianguka hukupa meza ya dharura na kukuuliza kama iwake tena. Ikiendelea, viongezi na vijipambo vya paneli ndivyo vya kushuku.

Ikiwaka vizuri kisha ikaganda baada ya dakika kumi, shuku joto na vumbi, halafu RAM. Kwenye mashine nyingi menyu ya GRUB ina Memtest86+, iache izunguke usiku. Badala ya kushikilia kitufe cha umeme, shika Alt na SysRq (Print Screen), ubonyeze S, U, B kwa kuachia nafasi ya sekunde chache. Diski inaandika iliyokuwa nayo mkononi, inafungwa kwa kusomwa tu, mashine inajiwasha upya. Ubuntu huruhusu herufi hizo tatu bila wewe kubadili chochote.

Usiguse, peleka

Betri ya mpakato iliyovimba. Harufu ya kuungua. Kompyuta iliyomwagikiwa chai. Boksi la umeme la kompyuta ya mezani, ambalo hubaki na chaji hata likiwa limechomolewa, usilifungue. Diski yenye makosa ya I/O na ina kazi usizo na nakala yake. Na diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa siri wa diski ya Linux) ambayo neno lake limesahaulika: huko hata fundi hana ufunguo, na anayekuahidi kuifungua kwa elfu hamsini anataka elfu hamsini.

Ukimpelekea fundi, mkabidhi picha za kioo ulizopiga, mwambie kitu cha mwisho kilichofanyika kabla ya tatizo, hata kama ni aibu, na umwandikie kwenye karatasi: usipige upya kabla ya kunakili `/home`. Karatasi hiyo ibandike juu ya mashine kwa selotepu. Maneno ya mdomo hupotea kaunta, na anayeipokea mashine asubuhi huenda siye atakayeifungua mchana.